Jina la Milembe

Mjukuu wangu Kulwa,

Nisamehe kuchelewa kujibu. Mwanangu Limi anaota meno, halali wala halazi mtu. Hapa Nkome wote hatujambo. Marahaba, na acha kuniita bibi kijana.

Unauliza kwa nini jina letu la ukoo ni la mwanamke. Milembe ni mama yangu. Baba alipofariki, mama aliswaga ng'ombe kutoka Shinyanga hadi hapa, mimi nikiwa tumboni. Ya njiani siyaandiki. Wenyeji wakiuliza, "Ng'ombe wa nani hawa?" walijibiwa, "Wa Milembe." Kaya yote ikaitwa hivyo.

Basi siku babu yako, yaani kaka yangu mkubwa, alipotuandikisha darasa la kwanza mimi na baba yako, alimwandika baba yako Milembe. Mimi akaniandika jina la marehemu baba.

"Na mimi je, kaka?"

"Wewe utaolewa, utalitoa nje."

Nililia kwa wivu. Mama yangu mwenyewe! Hata leo nikiona umesaini jina hilo, wivu unanipanda. Nikufiche nini?

Nyumbani mama alicheka tu. "Mimi nami niliolewa. Nikatoka na nani?"

Sikumwelewa mpaka nilipomzaa Limi: alitoka na mimi tumboni, na jina lake halikupotea. Nataka aandikwe Limi Milembe. Mume wangu hana neno, ila kaka anasema wenye jina wakubali kwanza. Baba yako amekubali. Umebaki wewe.

Kwa hiyo nitumie sabuni mbili za mche, kitenge cha kumbebea mtoto, na karatasi ya mkono wako kwamba jina utagawana na Limi.