Vidonge kumi vya mafuta ya samaki, na daktari hajaambiwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla wiki haijaisha. Jumanne tarehe 10, saa tano asubuhi, daktari alimwambia baba mkwe wangu kwamba moyo wake hauendi kwa hatua, "unapiga, unaruka, halafu unakimbia kufidia," ndivyo alivyosema huku akituonyesha karatasi ya kipimo, akamwandikia dawa ya kuzuia damu isigande, akamuuliza kama kuna kitu kingine anachomeza, mzee akasema hakuna, daktari akauliza tena, "Hata vya dukani? Hata mitishamba?" mzee akajibu, "Daktari, mimi ni maji na chai tu," na mimi niliyekaa kiti cha pili nikatazama feni, wakati najua anameza vidonge kumi vya mafuta ya samaki kila siku, na najua kwa sababu mimi ndiye ninayemletea, na mimi ndiye niliyemwambia aongeze.

Kazi yangu ni fundi vioo, jioni nanyanyua vyuma, mwaka wa sita sasa, na pale tunapofanyia mazoezi karibu kila mtu ana chupa ya mafuta ya samaki kwenye begi, wanasema yanapunguza maumivu ya misuli na kulainisha viungo, mimi mwenyewe nameza vinne. Mzee ana miaka sabini na moja, alikuwa seremala. Mama mkwe alipatwa na kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia ukalegea, na tangu hapo ni mzee anayemtoa kitandani kumweka kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kumpeleka chooni, na kumrudisha, mara sita kwa siku, mama ana kilo sitini na mbili na mzee hataki mtu mwingine amshike. Mwaka jana aliniita pembeni, "Bwana Vioo, hiyo mikono unailisha nini?" Basi nikamwanzishia mazoezi uani kwake, ndoo mbili za mchanga, kuchuchumaa na kusimama, leo tunafanya kesho anapumzika, kilo tunaziandika kwa penseli kwenye mlango wa stoo, alianza na nane kila mkono na sasa ni kumi na sita, na mimi nikavimba kichwa, maana si kila mkwe anapata bahati ya kumfundisha baba mkwe kitu.

Magoti yalipoanza kumuuma nikampa vidonge vinne, akasema anaona nafuu, akauliza akiongeza itakuwaje, nikamjibu hii si dawa, baba, ni chakula, na chakula hakina kipimo. Akafika kumi. Akawa anabeua samaki kutwa nzima, mpaka mama mkwe, ambaye siku hizi maneno yanamtoka moja moja, alinitazama akasema, "Mkwe. Umeniozesha. Kwa paka." Tulicheka mpaka mzee akajifuta machozi.

Jumapili tarehe 8 hatukucheka. Nilifika mchana na chupa mpya, nikawakuta wote wawili sakafuni katikati ya kitanda na kiti, mzee ameegemea kitanda jasho linamtiririka, mkono kifuani, kichwa cha mama kiko pajani pake. Alisema ni kizunguzungu tu. Mama hakuumia, nilipomwinua alisema, "Tulikuwa. Tunapumzika." Mzee akanishika mkono, akanibana hasa, "Mkwe, hili umelikuta chini, libaki chini." Hospitali alikubali kwenda kwa sharti kwamba mke wangu, ambaye ni binti yake, aambiwe ni presha ya kawaida, na nikamwambia hivyo hivyo.

Sababu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi, na ameshasema mara mbili kwamba siku baba atakaposhindwa atakuja kumchukua mama. Wazee hawa wana miaka arobaini na sita ya ndoa. Hesabu ya mzee ni kwamba daktari akijua mafuta atauliza ya nini, akiuliza ya nini atajua habari za ndoo na za kumbeba mama, atakataza, na akikataza tu shemeji yuko mlangoni na gari. "Wakimchukua," ananiambia, "wambebe na kitanda, na mimi niko juu yake."

Sasa mshauri, nikisema natenganisha wazee, nikinyamaza moyo unaweza kusimama, tena ile dawa ya damu ameanza na anaisindikiza na vidonge vile vile kumi. Wiki hii nimevunja vioo vitatu, nakata nje ya mstari, mke wangu ananiuliza nina nini nasema ni joto, nikiona simu ya mzee naogopa kupokea na isipopigwa naogopa zaidi. Ni baba mkwe, si rika langu, namsemeaje mbele ya daktari? Nifanyeje?

Fundi asiyetulia

Fundi,

Barua yako ilifika Alhamisi na sikungoja gazeti la Jumapili. Uliacha namba ya simu, nikakupigia saa nane mchana nikakwambia jambo moja: piga kliniki leo, taja jina la mzee, taja mafuta ya samaki, taja kumi. Ukanijibu, "Mama, yule ni baba mkwe." Nikakwambia hata daktari ana baba mkwe. Naandika haya Ijumaa saa nne asubuhi na ujumbe wako wa mwisho unasema, "Bado najipanga." Kama unasoma ukurasa huu na bado unajipanga, weka gazeti chini. Namba ya kliniki iko juu ya karatasi ya dawa. Na dawa aliyoandikiwa mzee asiiache kwa uamuzi wake wala wako.

Nilimuuliza mfamasia mwenye miaka ishirini kazini. Alisema mafuta ya samaki kwa kipimo kikubwa yamehusishwa na moyo kupoteza mpigo, na kwamba mtu anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande lazima daktari wake ajue kila kitu kingine kinachopita kooni. "Kama ndiyo yaliyomponza mzee huyo, mimi siwezi kusema," aliniambia. "Huyo fundi naye hawezi. Daktari angeweza kuanza kuchunguza, lakini amedanganywa."

Ulisema chakula hakina kipimo. Chumvi ni chakula. Jaribu vijiko kumi. Hukuwa na nia mbaya, hilo nalikubali, na kumpa mzee wa miaka sabini na moja nguvu za miguu ni jambo jema kuliko mengi ninayosoma kwenye barua. Lakini kilichompandisha kutoka kilo nane hadi kumi na sita ni kuchuchumaa na kusimama, siku baada ya siku. Mafuta, kama yamesaidia, yamesaidia kidogo. Sifa zote ulizipa chupa, na chupa ndiyo mnayoificha.

Unaniuliza utamsemeaje mkwe wako. Usimsemee, jisemee. Nenda kwake leo, kaa chini, mwambie: "Baba, nilikwambia uongeze na sikuwa najua ninachosema. Kosa ni langu, na daktari lazima alijue." Halafu piga simu ukiwa mbele yake. Akikataa, piga hivyo hivyo, mbele yake, asikie kila neno. Atakasirika, pengine atakaa wiki hakuiti Bwana Vioo. Utaishi. Kumzunguka kwa siri ndiko kutakakomvunjia heshima, na kumwacha mkubwa aanguke kwa sababu ya adabu si adabu. Jioni hiyo hiyo mwambie mkeo. Moyo unaoruka ni wa baba yake, na wewe umemwambia ni presha ya kawaida.

Nimehesabu watu wanaoamua mama mkwe wako alale wapi. Mzee anaamua, shemeji anaamua, na wewe unaamua kwa kunyamaza. Yeye mwenyewe maneno yake umeyaandika mara mbili tu, kwa utani na kwa neno la kumfichia mumewe. Kiharusi kimechukua mkono, mguu na kasi ya maneno. Mwanamke anayesema ameozeshwa kwa paka akili yake iko timamu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kubebwa mara sita kwa siku na mtu ambaye moyo wake unaruka, wala kama anataka kwenda kwa mwanawe. Muulize, na umngoje amalize, hata ikichukua chai nzima.

Daktari anaweza kukataza kunyanyua kwa muda. Mzee anaona huo ndio mwisho, sio. Nilimpigia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akacheka kwa huzuni. "Kila wiki napata mume aliyejivunja mgongo kwa kumbeba mke," alisema. "Hatubebi. Tunatelezesha." Kuna ubao laini unaowekwa kama daraja kati ya kitanda na kiti, mgonjwa anasukumwa taratibu, na mkono wake mzima unasaidia. Vipimo na namna ya kuutumia wanafundisha wao. Mbao za kuuchonga, kwa mtu aliyeshika randa maisha yake yote, sidhani kama zitakuwa shida, na kazi hiyo itamfaa kuliko ndoo mpaka daktari aseme vingine. Shemeji apelekewe mpango huu ukiwa umekamilika, na maneno ya mama ndani yake, kabla hajajaza gari mafuta.

Kitengo cha mazoezi ya viungo cha hospitali ile ile aliyokwenda mzee kinapokea wagonjwa wapya kila Jumatano kuanzia saa mbili asubuhi, bila miadi. Jumatano hii ni tarehe 18. Waende wote wawili, mkeo awasindikize, na mkifika mapokezi jina la kuandikisha ni la mama mkwe.