Mzee Bado Anamuulizia Utingo Wake

Mesquite, Texas
Agosti 2018

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa unakunywa au unamdanganya mama tu? Mimi mzima, ila joto la huku linanikaanga na kichwa kimevurugika. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Yule mzee ninayemuuguza nyumbani kwake ameshavuka miaka mia. Binti yake ananiambia kwamba ujanani alikuwa dereva wa magari ya mashindano, enzi zile dereva anakaa na fundi ubavuni, kazi yake kupampu mafuta na kugeuka nyuma kuangalia nani anawakaribia. Utingo kabisa, Baba, kama wewe kwenye malori ya Tunduma. Siku moja gari likapinduka kwenye kona. Mzee akapona, fundi akafa palepale.

Sasa mzee amesahau kwamba fundi wake alikufa. Kila asubuhi nikimpa uji ananishika mkono: "Kijana wangu yuko wapi? Aliumia?"

Binti, naye bibi kizee, alisema nimweleze ukweli, maana baba yake hajawahi kupenda kudanganywa. Nikamweleza. Alilia kama aliyeletewa habari ya msiba saa ileile, na kesho yake akauliza upya. Nesi Mkenya tunayepokezana naye zamu akanishangaa: "Wee, usimu-stress mzee wa watu! Mwambie tu ako sawa." Basi nikamwambia yuko sawa, anakusalimu. Mzee akafurahi, akaomba kuchanwa nywele, akakaa dirishani kumngoja mpaka chakula kikapoa. Hiyo nayo iliniuma vilevile.

Sijui nishike lipi. Nikisema kweli, anafiwa upya kila siku. Nikidanganya, anakaa dirishani. Nimesali mpaka nimechoka, na Jumapili binti anakuja, ataniuliza ninamwambia nini baba yake.

Msalimie mama, dada na wanawe, na shangazi wa Mafinga. Mwambie kitenge chake nakivaa kanisani Fort Worth, Wakongo wote wananiuliza nani kanishonea.

Baba, wewe umekaa kiti kile cha utingo miaka mingi. Lori lenu lilipoanguka mlima Kitonga ulitoka na hilo goti bovu tu. Kama usingetoka hai, ungependa dereva wako aambiwe nini kila asubuhi? Nijibu wewe mwenyewe, usimwachie mama.

Ni mimi mwanao niliyechanganyikiwa,
Neema