Nilisifiwa kwa Usingizi

Mpendwa Bi Odile wa safu ya ushauri,

Nakuandikia nikiwa na miaka sabini na moja na aibu ya mtoto, maana nimesifiwa kwa kazi ambayo sikuifanya, na sasa sijui nitokeje. Ile filamu ya kuchekesha ya wezi wa benki ilirekodiwa hapa kwetu Auvergne, katikati ya Ufaransa, ndani ya benki yetu iliyofungwa, nami nikachukuliwa niwe mmoja wa mateka, kazi yangu kulala kifudifudi sakafuni na kutetemeka, lakini mchana walitulisha soseji na viazi vya kuponda na jibini, nikashushia kwa glasi tatu za divai, na nilipolala pale chini, Bi Odile, nikalala kweli, nikakoroma, mpaka yule mkuu wa wezi akanifunika koti lake na kusema, "Mwacheni babu, leo kachoka kuliko sisi," na watengenezaji wakaiacha sehemu hiyo hivyohivyo ndani ya filamu.

Watu wameipenda filamu nzima, wanampenda na yule mwizi anayepewa namba ya foleni akakaa kusubiri, lakini katika daftari la maoni pale mlangoni mwa sinema kila mtu kaandika habari zangu. Bi Vidalenc wa buchani kaandika, "Nimecheka mpaka machozi, kumbe Firmin fundi!" Mwalimu mmoja mstaafu kaandika kwamba mkoromo ule ni dharau ya mnyonge kwa matajiri. Mimi nikavimba kichwa, hata nikawaeleza watu jinsi nilivyofanya mazoezi ya kukoroma.

Kisha akapiga simu Séverine, binti yangu, mwigizaji wa jukwaani kule Lyon, ambaye hatujasemezana miaka tisa kwa sababu nilimwambia mbele ya wageni kuwa kuigiza si kazi, hata mbwa wangu anaweza. Kaiona filamu, analia huku anacheka: "Baba, kipaji hicho ulikificha wapi? Sasa umejua kazi yetu ilivyo ngumu!" Jumamosi anakuja, tukae pamoja pale sinema mbele ya watazamaji tuzungumzie uigizaji. Nikisema kweli nitampoteza tena, nikinyamaza nitamdanganya hadharani. Nifanyeje?

Firmin

Mzee Firmin,

Filamu nimeiona mara mbili, na kwa lile koti nilicheka hadi jirani yangu akaniomba ninyamaze. Kwa hiyo nakushukuru, kisha nakugombeza. Kulala si kosa. Kwa chakula kile hata mimi ningelala. Kosa ni hayo mazoezi ya kukoroma, uongo ambao hakuna aliyekuomba.

Unaogopa ukweli utamfukuza Séverine. Hakuondoka kwa sababu huna kipaji. Aliondoka kwa sababu ulimdharau, na barua nzima sijaona popote ulipomwomba radhi. Miaka tisa! Njia ya mwongo ni fupi, mzee: Jumamosi mtu mmoja tu akikuomba ukorome tena, umeumbuka.

Mpigie leo. Mwambie, "Mwanangu, nililala kweli. Wenzangu walirudia na kurudia mpaka jasho likawatoka, mimi nikasifiwa kwa usingizi. Kazi ni yao na yako. Nisamehe kwa lile neno la mbwa." Akicheka au akilia, mwache. Kisha Jumamosi wasimulieni watazamaji pamoja. Bi Vidalenc atacheka zaidi ya mara ya kwanza.

Tena hujasema kama umewahi kwenda kumtazama jukwaani, nami nadhani najua jibu. Kata tiketi ya Lyon, kaa safu ya mbele. Siku hiyo usiguse jibini wala divai. Kwa binti yako, mzee, ukae macho.

Odile