Supu ya Mwani wa Kijani

Shangazi Mwanaisha mpenzi,

Nakusalimu kutoka Guangzhou, mji wa mvua na joto. Siku tatu homa ilininyima hamu ya kula. Leo mama mwenye mkahawa hapa mtaani Xiaobei akaniletea supu ya majani ya kijani. Nikadhani mchicha, kumbe mwani! Kwa Kichina changu cha sokoni nikamwambia, "Shangazi yangu hulima mwani."

Akacheka, akaketi. Kwao kaskazini, akasema, mamake huuchuma miambani kwenye baridi kali, ila hawajaongea tangu wagombane.

"Mpigie," nikamwambia.

Akapiga palepale, wakalia wote wawili, kisha akanipa simu. Nikasema, "Mama!" Neno hilo huku ni lilelile, naye akaitika.

Bakuli nimelimaliza. Mungu akutunze huko majini.

Mwanao, Zuhura