Koti la Ushuhuda

Jumapili, 3 Machi

Mshahara umeingia. Tuseme umechungulia tu ukarudi. Wakala kule nyumbani alisema elfu tisa za hela ya huku ugenini kwa mwezi, nyumba bure. Kumbe elfu tisa ni ya vipindi mia na ishirini, na mtoto asipokuja kipindi hakihesabiki. Mwezi huu nusu ya mji ilikuwa na mafua. Nimefundisha tisini na viwili: elfu sita mia tisa. Toa kitanda elfu mbili mia mbili — nyumba ni bure kweli, kinacholipiwa ni kitanda! Toa ada ya wakala elfu moja mia nane. Toa faini mia tatu, nilichelewa dakika nne. Imebaki elfu mbili mia sita. Chakula na nauli elfu moja mia tano, tena kwa kujinyima. Nyumbani elfu moja. Mimi mwenyewe, mwalimu wa Kiingereza mwenye shahada yake, mia moja. Sabuni na pedi, basi.

Jirani alikwenda kuuliza makato. (Tunaitana jirani kwa sababu vitanda vyetu vimegusana.) Mlezi akamsikiliza mpaka mwisho. Ndicho cheo chake hasa, Mlezi wa Walimu, kimeandikwa mlangoni! Akafunga kifuniko cha chupa yake ya chai, ile ya chuma, akampiga nayo juu kidogo ya kiwiko. Mara moja tu. Halafu akarudi kwenye simu yake.

Nilisikia mfupa. Nilikuwa mlangoni na karatasi yangu ya mshahara mkononi, zamu yangu ndiyo iliyofuata. Nikageuka nikaondoka. Naandika hivyo hivyo, nisijipambe: niligeuka.

Jumanne, 5 Machi

Darasa la maonyesho. Wazazi wanakaa nyuma kutazama, sisi hatulipwi. Somo: viungo vya mwili. Kila mtoto anapewa kipigio cha plastiki, vile vya kuulia nzi. Zamani walikuwa wanachapa picha ukutani. Mwenye shule akaona picha zinachosha, wazazi wanataka uchangamfu. Basi ukuta ni mimi. Nataja goti, wananichapa goti. Nataja pua, wananichapa pua, wote kumi na wanne. Wazazi wanapiga makofi. Kuna kabinti kamoja kalirudia sikio mara tatu, matamshi safi kabisa. Nilikasifu. Sikio bado linavuma.

Jirani kafundisha kwa mkono mmoja. Ule mwingine umevimba kama umetiwa hamira.

Mchana mama akapiga. Anacheka, analia, anacheka tena. Kitinda amepata! Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anakuja huku kufundisha. Wakala yule yule, shule hii hii. Tiketi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi ya chekechea ameshaiacha, na mama ameshakopa kwenye kikundi chao. "Video yako ndiyo iliyotutoa hofu, mwanangu," akasema. Nikamwambia hongereni. Nilimwambia hongereni! Ulimi huu ungekatwa.

Jumatano, 6 Machi

Ile video. Ofisini kwa Mlezi kuna koti moja, la buluu, vifungo vya rangi ya dhahabu. Kila mwezi mwalimu mmoja analivaa anatoa ushuhuda kwa walioko nyumbani. Kwa sisi tuliokonda wanalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Ukishuhudia, mwezi huo hukatwi kitanda. Mwezi wangu wa pili nililivaa. Nikasema nakula vizuri, naweka akiba, Mlezi ni kama baba. Nilichomekea na mzaha mmoja hivi, maana kipaji ninacho. Ile hela ya kitanda nikaituma nyumbani yote, mama akaezeka jiko kwa bati jipya. Sasa ushahidi uko juu ya paa, nani atanisikiliza?

Nimempigia Kitinda mapema leo. Nikamwambia asije. Akauliza kwa nini. Nikasema wanatupiga. Naye:

"Dada, si ulisema mwenyewe kwenye video?"

"Nilidanganya."

"Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

Akaniuliza kama na bati ni la uongo. Akasema nimeshashiba, sasa nafunga mlango nyuma yangu. Nikamwita mjinga. Nikamwita na mengine ambayo siyaandiki. Akakata simu. Baada ya saa moja mama kaniletea ujumbe, maneno manne: Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa tabu, jicho moja limeziba.

Kitinda, kwa uaminifu wake, alikwenda kumuuliza wakala kama ni kweli walimu wanapigwa. Wakala akampigia Mlezi. Mlezi akaja kwetu saa kumi jioni, hakubisha hodi. Hakuanza na mimi. Huku kila mwalimu ana mdhamini, na wangu ni Jirani. Tulisaini siku ya kwanza tukicheka, tukidhani ni mambo ya kitanda na funguo. "Akikosa huyu, unalipa wewe," akamwambia Jirani, akampiga na chupa. Mkono ule ule! Jirani alikohoa, akakaa chini kwenye sakafu.

Nikamrukia. Nilimng'ata bega mpaka nikaonja chumvi. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi — ndicho alichokuwa anakitaka. Akanishika nywele, akanigonga uso kwenye mlango wa kabati. Mara mbili, au tatu. Jino la pembeni limekatika. Nilipoinuka alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, anamimina chai kwenye kifuniko.

Akasema taratibu, kama mtu anayetoa ushauri: kuna zawadi ya ndugu. Anayeleta ndugu yake ada yake ya wakala inafutwa, pasipoti yake anarudishiwa siku ile ile. Yeye mwenyewe alitoka kwenye ualimu hivyo hivyo. Alimleta binamu yake.

"Yuko wapi sasa?" nikamuuliza, damu imejaa mdomoni.

"Yuko tawi jingine. Hatusalimiani."

Akapuliza chai yake. Chai ile anaitia asubuhi, na jioni bado inaunguza.

Jumapili, 10 Machi

Leo nilimletea Jirani uji akanipiga kibao kwa mkono mzima. Kikali! Uji ukaishia ukutani. Akasema mdomo wangu umemvunja mkono: kwanza nilifungua mdomo kusifu, halafu nikafungua kuonya, na mara zote mbili mtu mwingine ndiye aliyelipa. Tukafuta ukuta pamoja.

Hospitali wamemwambia alete pasipoti. Polisi wamemwambia alete pasipoti. Pasipoti ziko kwenye sefu ya Mlezi. Tumemfunga mkono kwa rula mbili za darasani na shela yangu. Rula moja imechorwa vipepeo.

Jumanne, 12 Machi

Nilimtumia Kitinda picha ya uso wangu. Jicho, jino, vyote. Aliyejibu ni mama: wakala ameshawaeleza, nimepigana na mwenzangu, tunagombea mwanaume. Anasema anaona aibu. Anasema nisimharibie mdogo wangu bahati.

Mwanaume! Nilicheka mpaka kidonda cha mdomo kikapasuka.

Leo nimewaza jambo. Kitinda ana mwili kuliko mimi. Tangu utotoni alikuwa akianguka anainuka anacheka. Labda yeye atavumilia. Nikipewa pasipoti naweza kuwa nyumbani wiki ijayo, nikale, nikalale, nikamtafutie namna ya kumtoa nikiwa huko. Nimeliwaza kwa muda wa vipindi vitatu, watoto wananichapa goti, wananichapa bega, na mimi ninawaza. Silifuti. Libaki hapa ili nijijue.

Alhamisi, 14 Machi

Simu imechukuliwa. Mlezi kasema nitarudishiwa Jumamosi pamoja na pasipoti, nikitenda vizuri. Mimi ndiye nitakayempokea Kitinda, nikiwa na lile koti. Wageni wakiona sura ya nyumbani hawasumbui, wanatoa pasipoti wenyewe.

Leo tumefanya mazoezi ofisini. Natabasamu. "Hapana." Kofi. Natabasamu. "Meno yasionekane, pengo hilo." Kofi. Tabasamu la tatu akaridhika. Akanibana koti mgongoni kwa vibanio vinne, mara ya kwanza vilitosha viwili. Kwenye mkono wa koti kuna doa dogo jeusi ambalo si langu. La aliyetangulia, labda.

Nimemuuliza Jirani angefanya nini. Akasema ana watoto wawili, asiulizwe maswali kama hayo. Baadaye, ameshageukia ukuta, akasema: "Ningekuwa mimi ndiye ninayewasili, na dada yangu ananingoja pale mlangoni, ningependa amuue huyo Mlezi."

Jumamosi, 16 Machi

Uwanja wa ndege, ukumbi wa wanaowasili. Viti vya chuma. Ubao unasema ndege imetua.

Jirani kanipaka poda asubuhi, tabaka tatu. Alinichana na nywele kwa mkono wake mmoja. Mwisho akanifunga kifungo cha juu.

Mlezi yuko kando yangu. Kavaa shati jeupe, na mfukoni naiona pasipoti yangu, pembe yake imejitokeza. Ameniwekea hapo makusudi, kama unavyomwekea mbuzi jani. Kaniuliza naandika nini. Nikasema maandalio ya somo. "Wewe mwalimu kweli," akasema, na nadhani alimaanisha. Alinieleza kwamba siku alipompokea binamu yake naye hakulala. Inapita, akasema. Mwezi mmoja tu, mtu anazoea. Halafu akanipa chupa yake nimshikie, anakwenda kulipia maegesho.

Chupa ni nzito. Sikujua ni nzito hivi. Ubavuni imebonyea, kidole gumba kinaingia. Nimetia kidole. Imebonyea kwenye mkono wa Jirani.

Amerudi. Mkononi ana fomu, ana kalamu. Kasema akishanipa ile pasipoti nisikae kupiga soga, niondoke, maana wageni wanalia wakiona mtu anaondoka.

Watu wameanza kutoka. Mama mmoja na mapacha. Wazee. Mwanaume mwenye gitaa.

Nilikuwa nimepanga kupiga kelele. Nimepanga siku mbili: nitasema usitoe pasipoti, nitasema rudi, nitasema kwa sauti mpaka walinzi waje. Lakini tayari nimeshasema kwa sauti zangu zote na hakuna aliyenisikia. Nikipiga kelele ataona dada mwenye wivu aliyegombea mwanaume. Maneno yangu yameisha thamani, nimeyauza kwa kitanda cha mwezi mmoja.

Kitinda!

Kanenepa kidogo. Anasukuma sanduku la mama, lile la kamba. Kavaa koti. La buluu, vifungo vya dhahabu. Mama kamshonea! Kakaa na video yangu akahesabu vifungo, akamshonea mwanawe afanane na mimi.

Ameniona. Kanyanyua mkono, anaruka kama mtoto, ameshasahau matusi yote. Mlezi kasimama mbele yangu, kanipa mgongo, kanyoosha kiganja. "Karibu, mwalimu, karibu sana. Dada yako yule pale. Pasipoti kwanza, tuandikishe." Na Kitinda anacheka, anafungua mkoba, anaitafuta.

Chupa iko katikati ya magoti yangu. Kifuniko nimeshakizungusha, kimetoka. Mvuke unanipanda usoni, poda inalowa. Kola ya Mlezi iko wazi nyuma, shingo yake imenyolewa vizuri, chini yake inachungulia alama ya meno yangu, begani karibu na —

Ameipata. Anaitoa. Naweka kalamu