Baba Amempigia Kocha wa Chuo

San Pedro, California
Januari 29

Mpendwa Shangazi Nevenka,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje baada ya upasuaji? Mjomba Frane naye, ameacha sigara au bado anajificha barazani? Sisi huku tu wazima, ila mimi sikai nikatulia. Barua hii nimeshaiacha mara tatu kwenda kuchungulia dirishani.

Jumamosi Kocha Whitcomb alikuja kututazama tukicheza polo ya majini. Ndiye anayechagua wasichana wa timu ya chuo ninachokitaka, na bila timu sidhani kama chuo kile kitanipokea.

Wiki tatu nilikuwa golini, maana kipa wetu alivunjika kidole. Siku hiyo alikuwa amepona, nikarudi mbele. Dakika ya mwisho tuko mabao nane kwa nane, mpira ukanijia nikaudaka kwa mikono miwili, jambo analoruhusiwa kipa peke yake. Filimbi! Wapinzani wakapewa mpira, wakafunga.

"We Zrinka, kofia nyekundu ya kipa umeiacha kichwani nini?" Marisol wa timu yetu akapiga kelele. Hata refa alicheka. Kocha Whitcomb akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo kimya. Jana ndipo nikajua kwamba baba alimpigia simu.

"Nimemweleza tu kwamba ulikuwa umechoka," alisema, huku akimenya viazi.

"Baba! Wasichana ambao wazazi wao hupiga simu hawachukuliwi!"

"Nani kasema? Mimi nazungumza na makapteni wa meli bandarini kila siku, nitamwogopa mwalimu wa kuogelea?"

Kocha wetu wa shule, Bi. Delgado, alishika kichwa nilipomwambia. Akasema dawa ni moja, nipige mwenyewe, leo leo. Shangazi, unanijua. Mimi hata mkate dukani naagiza kwa kunyoosha kidole. Niliandika maneno yote kwenye karatasi, nikajifungia bafuni, nikampigia Kocha Whitcomb.

"Wewe ndiye wa mikono miwili?" akauliza.

"Ndiyo, Kocha."

"Baba yako anasema ulichoka."

Nikaikunja karatasi yangu. Nikamwambia sikuchoka, nilisahau niko wapi.

Kisha akasema, "Wenzako walibaki wakibishana na refa. Wewe ulikuwa umeshageuka, unaogelea kurudi kulinda goli. Hilo ndilo nililoandika. Njoo Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, ufanye mazoezi na timu yangu. Ukitoka majini nitakupa jibu, ndiyo au hapana. Na uje peke yako. Sitaki kumwona baba yako hata kwenye maegesho."

Sasa baba yuko nje anaosha gari la kunipeleka. Amesikia habari ya Jumapili kupitia ukutani, sehemu ya mwisho hakuisikia. Anapiga mluzi.

Nilitaka kukuomba umpigie, kwa kuwa wewe ni dada yake mkubwa na anakuogopa. Hapana, usimpigie. Nikishabandika stempu nitatoka nimwambie mwenyewe kwamba naenda peke yangu, nitapanda basi.

Nisalimie Mjomba Frane, na Tonka na mapacha wake. Mungu alitie nguvu goti lako, akupe usingizi mwema kuliko wangu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye sana,
Zrinka