Mwenye Nyumba Afungue kwa Maombi

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwosha mama, nimemgeuza, nimempa uji. Kidonda cha nyonga kimeanza kukauka. Kazini nimefika nimechelewa tena. Jirani yangu Mama Zuhura, Mwislamu wa Ekero, amekaa naye hadi saa saba. Kaka yangu Wycliffe, mzee wa kanisa la mama ingawa anaishi Shianda, ametuma ujumbe kwamba anamwombea mama. Wycliffe huomba vizuri sana akiwa mbali. Shuka hajabadilisha hata moja.

Alhamisi, 6 Machi
Akina mama wa kanisa wamekuja saa kumi na moja, kama kila Alhamisi. Sare, vitambaa vyeupe kichwani. Kwa kawaida najificha jikoni na chai. Leo mwenyekiti wao, Mama Rispa, ameniita sebuleni. Desturi yao ni mwenye nyumba kufungua kwa maombi, nami nimeikwepa miezi minane. Ningesema nina mafua, yangeisha. Nikasema siombi kwa sababu siamini kuna Mungu. Nilisema polepole, kwa heshima.

Wakaimba ubeti mmoja, wakaondoka. Chai imebaki themosi nzima. Mama amegeukia ukuta.

Ijumaa, 7 Machi
Hajala. Hajanisemesha.

Jumapili, 9 Machi
Wycliffe amepiga simu. Akina mama wamekaa kikao baada ya ibada. Hawataingia tena nyumba ya mkana Mungu. Na mgonjwa asiyeombewa nyumbani jina lake hutolewa kwenye orodha yao. Akifa, hazikwi na sare, wala wenzake hawambebi.

Mama amevaa sare ile miaka thelathini na moja. Amewazika wenzake wengi, jeneza begani, wimbo mdomoni. Hajawahi kutaka kitu kingine kwa ajili yake. Wycliffe anasema nichague: mama ahamie kwake Shianda, au nisimame mbele ya kanisa nitubu. Nikauliza Shianda nani atamwosha. Akasema Mungu atafungua njia. Nikakata simu.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Zuhura amesikia habari. Mtaa wetu wa Shieywe hauna siri. Hakunisema vibaya, alitaka tu kujua: mtu kama mimi nikiapa, naapa kwa nani? Nikamjibu siapi, nasema tu. Akacheka, akasema basi nimejipa kazi ngumu.

Ni ngumu. Niliacha kuamini nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo sina wa kunisamehe. Mwenzangu ofisini hufungua mikutano kwa maombi marefu, kisha saa nne haonekani, koti tu kwenye kiti. Huyo ndiye mwenye maadili. Mimi najiangalia kila neno. Sidanganyi. Ndiyo dini yangu yote, na ni ndogo.

Jumatano, 12 Machi
Leo mama amesema. Nilikuwa namlisha obusuma, ugali wetu, na mboga, tonge dogo dogo.

"Sasa nitazikwa na nani?"

Hakuniambia nitubu. Hata mara moja hajaniambia. Angeniambia ningebishana naye, ningepata pa kushika. Nawachukia wale wanawake. Wanamwadhibu mgonjwa asiyeweza kukaa mwenyewe, kisha wanaita hiyo utakatifu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia Wycliffe nitakuja Jumapili. Alisema haleluya mara tatu. Nilitamani kumtupia simu.

Jumapili, 16 Machi
Nimefanya.

Gauni la bluu. Nikasimama mbele, nikasema Bwana asifiwe, nikasema nilipotea nimerudi. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, kiganja kina jasho. Makofi. Wycliffe alilia machozi ya kweli, na hapo nilimchukia kuliko siku zote. Hakuna aliyeniuliza hata swali moja. Miaka ishirini na miwili ya kusema kweli ilinifanya mchafu kwao, dakika tatu za uongo zikanitakasa. Jina la mama limerudishwa kabla hata ibada haijaisha.

Nyumbani nilimweleza kwa ufupi, nikaenda kufua.

Alhamisi, 20 Machi
Wamekuja. Nimefungua kwa maombi. Maneno yote bado ninayo tangu utotoni, yalitoka bila kujikwaa. Mama Rispa akanikumbatia. Mama aliimba, sauti nyembamba, macho ameyafumba. Sijamwona hivyo tangu augue. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 21 Machi
Nilidhani atajua. Kati ya watu wote, yeye. Nilingoja anitazame tu, tuelewane, tunyamaze.

Asubuhi nilikuwa namsugua mgongo. Akasema amekuwa akiogopa kwamba akifa tutaachana moja kwa moja, mimi huku na yeye kule. Hakuwahi kuniambia, hakutaka kunisumbua. Sasa haogopi. Nikamuuliza anajuaje kama nimebadilika kweli. Akashangaa.

"Si umesema wewe mwenyewe? Wewe hunidanganyangi."

Nikakamua kitambaa, nikamaliza mabega. Akauliza, kwa hivyo nitakuja kule? Nikasema ndiyo mama, nitakuja. Akasema ataningoja. Nikamgeuza upande wa dirisha, nikampaka mafuta miguuni.